Wazimamoto Wapigao Muziki, na Funzo Lao kwa Ntimaru

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama chetu cha Ustawi, Ntimaru)



Natoa shukrani nyingi kwa Halmashauri ya Chama kwa kunipa nafasi hii ya kusema mbele yenu. Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha, habari za karo za watoto, na habari za misiba tuliyosaidiana. Nami nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona kuwa la mchezo, yaani habari za wazimamoto ambao, zamu yao ikiisha, huvua kofia zao ngumu na kushika vyombo vya muziki. Nawaomba mnivumilie kidogo. Nataraji kuwaonyesha ya kuwa jambo hili si la mchezo, na ya kuwa latuhusu sisi watu wa Ntimaru kuliko tunavyodhani.

Kwanza, moto wenyewe twaujua. Wakulima wengi wa Kuria hulima tumbaku, na jani la tumbaku halifai kuuzwa mpaka likaushwe bandani kwa moto wa kuni, moto ambao sharti ulindwe usiku na mchana. Mlinzi akisinzia, na jani kavu likaangukia mahali penye joto kali, banda laweza kuteketea pamoja na jasho la mwaka mzima. Nyumba za nyasi zingalipo miongoni mwetu, na kiangazi kinapokaza cheche moja yatosha. Katika vibanda vya njiani petroli huuzwa kwa chupa kwa ajili ya pikipiki, na mara nyingine jiko la makaa li karibu. Watoto wetu nao hulala mabwenini. Nani kati yetu asiyekumbuka habari za shule ya Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi 2001, walipokufa wavulana zaidi ya 60 katika moto wa bweni? Na mwezi wa Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa namna hiyo hiyo katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Tena uko moto mbaya zaidi ya huo, nao ni ule utiwao kwa mkono wa binadamu. Mwaka 2009 watu wa Bwirege na watu wa Nyabasi walipigana kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu wakahama makwao. Sisemi haya ili kuamsha uchungu uliolala. Nayasema kwa sababu mwenye kutaka kuzima moto hana budi kwanza kukiri kwamba upo.

Je, nani atauzima? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziwekea serikali za kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili maafa. Ni jambo la kupendeza kwamba katika orodha hiyo hiyo zimo pia shughuli za utamaduni na burudani za watu. Walioiandika hawakuona aibu kuuweka mpira wa maji na ngoma katika ukurasa mmoja. Lakini gari la zimamoto likitoka Migori mjini hupita Kehancha na Kegonga kabla ya kutufikia sisi. Hata dereva awe hodari namna gani, nyumba ya nyasi haitamngoja. Kwa hiyo dakika za kwanza za moto wowote wa Ntimaru ni mali ya watu wa Ntimaru wenyewe. Zikitumiwa vizuri, mtu huokoka. Zikipotezwa kwa makelele na kukimbiakimbia, gari litakuja kukuta majivu.

Sasa na tuitazame kazi ya mzimamoto. Kazi hii ina saa za namna mbili. Ziko saa chache za hatari kubwa, na ziko saa nyingi za kungoja. Katika zile saa za hatari, mtu mmoja peke yake hafai kitu. Mpira mkubwa uliojaa maji kwa nguvu humsukuma nyuma anayeushika, hata watu wawili au watatu wakahitajika kuuelekeza, nao sharti wajongee pamoja kama mwili mmoja. Ndani ya moshi macho hayaoni. Mzimamoto hutegemea mkono wake unaopapasa ukuta, na sikio lake linalomsikia mwenzake. Asiyejua kusikiliza huko ndani hujiangamiza, na huangamiza wenziwe.

Zile saa za kungoja nazo zina hatari yake. Mtu aliyeona mtoto aliyeungua, kisha akaketi kimya kituoni akingoja kengele nyingine, moyo wake hula sumu. Wengine hukimbilia pombe. Wengine hunyamaza hata nyumbani kwao, mke na watoto wasijue kilicho ndani ya baba. Ndiyo sababu katika nchi nyingi wazimamoto wamejitafutia chombo cha muziki. Naona sababu tatu za chombo hicho kuwafaa.

Ya kwanza, muziki hufunza kusikiliza. Mpigaji katika kundi hawezi kushika sauti yake tu. Hana budi kumsikia aliye kulia na aliye kushoto, na kupunguza pale mwenzake anapopanda. Ya pili, muziki hufunza kutii wakati. Anayeingia kabla ya wakati huharibu, na anayechelewa huharibu vile vile, kama katika kazi ya moto. Ya tatu, muziki humpa mtu mahali pa kuweka huzuni yake bila kuona haya. Mwanamume ambaye hawezi kulia mbele ya watu aweza kupiga wimbo wa kilio, na watu wakamwelewa.

Nitawapeni mifano mitatu ya mbali, kisha nitarudi kwetu.

Mfano wa kwanza ni wa vijiji vya Ujerumani na Austria. Huko sehemu kubwa kabisa ya wazimamoto si watu wa mshahara, bali ni watu wa kujitolea. Ni wakulima, maseremala, waalimu na wauza duka. King'ora kikilia kila mmoja huacha shughuli yake na kukimbilia ghala lenye gari na mipira. Vikosi vingi vya namna hiyo vina bendi yake ya tarumbeta na ngoma. Bendi hupiga siku za sikukuu na siku za mazishi, vijana huvutwa nayo kujiunga na kikosi, na kijiji kizima hukiona kikosi kuwa ni chake. Nawaombeni mlishike jambo hili. Watu hawa si matajiri waliopewa zimamoto na serikali kuu kama zawadi. Ni watu wa vijijini waliokubaliana kwamba moto wa jirani ni moto wao.

Mfano wa pili ni wa mtu mmoja, mtunzi wa muziki wa Urusi, jina lake Dmitri Shostakovich. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yalipoukaribia mji wa Leningrad, yeye aliomba kuandikwa jeshini, akakataliwa kwa sababu ya macho yake mabovu. Basi akaingia katika kikosi cha zimamoto cha chuo cha muziki alikokuwa akifundisha, kulilinda paa la chuo na mabomu ya moto yarushwayo na ndege. Wakati huo huo alikuwa akiandika simfonia yake ya saba. Mwezi wa Julai 1942 gazeti la Time la Marekani liliweka juu ya jalada lake picha ya mtunzi huyu amevaa kofia ya zimamoto. Na tarehe 9 Agosti 1942 simfonia hiyo ilipigwa ndani ya Leningrad yenyewe, mji uliokuwa umezingirwa na kushikwa na njaa, na wapigaji waliodhoofika hata wengine hawakuwa na nguvu ya kupuliza. Kwa nini watu wenye njaa waliusumbukia muziki? Kwa sababu mji usiosikia tena sauti yake wenyewe umekwisha kushindwa kabla adui hajaingia.

Mfano wa tatu ni wa New York, nao watugusa kwa njia ya ajabu. Katika mji huo wazimamoto wenye asili ya Ireland waliunda mwaka 1962 kundi la ngoma na zumari zenye mfuko, ambao mpigaji huujaza pumzi na kuubana kwa mkono. Wapigaji ni wazimamoto walio kazini na waliostaafu, nao hupiga nje ya zamu zao. Tarehe 11 Septemba 2001 majumba mawili marefu yaliangushwa, wakafa wazimamoto 343 wa mji ule kwa siku moja. Kundi lile likajikuta lina mazishi mengi mno. Ziko siku ambazo lilijigawa vipande vipande ili kila msiba upate japo wapigaji wachache. Watu wale wale walikuwa wakichimba vifusi kutafuta wenzao, kisha wakajipangusa vumbi, wakavaa sare, wakasimama mlangoni mwa kanisa na kupiga. Kazi hiyo iliendelea mwezi baada ya mwezi. Hawakulipwa kwayo, wala hawakuamriwa. Waliona tu kwamba mwenzao hafai kuzikwa kimya.

Nimesema mfano huu watugusa. Wazee wetu mwakumbuka kwamba mwezi wa Juni 2002, hapa jirani upande wa Trans Mara, Wamaasai wa Enoosaen walikusanyika wakatoa ng'ombe 14 kuwapa pole watu wa Marekani. Kijana wao Wilson Kimeli Naiyomah, aliyekuwa akisoma Marekani na aliyekuwako New York siku ile, alikuwa amewasimulia aliyoyaona. Dunia nzima ilishangaa kusikia kwamba watu wa kijiji cha mbali wamewapa ng'ombe matajiri. Sisi hatukushangaa, kwa maana twajua ng'ombe ni nini, na twajua kwamba mfiwa hapewi kwa sababu ni maskini, bali kwa sababu amefiwa. Basi mpiga zumari wa New York na mzee wa Enoosaen walifanya kazi moja. Kila mmoja alitoa alicho nacho ili mwenye msiba asiwe peke yake.

Huenda mtu akaniambia, "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusuje?" Namjibu kwamba Afrika ya Mashariki ilijua jambo hili zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani yetu, Lamu na Mombasa, vijana walianza ngoma iitwayo beni, wakiigiza bendi za askari kwa tarumbeta, ngoma kubwa na gwaride. Kutoka pwani ikaenea hata bara. Katika Tanganyika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo. Wachezaji walikuwa askari, makarani, maboi na wachukuzi, watu waliofanya kazi ya amri mchana kutwa na kupiga ngoma jioni. Na vyama vile havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akiugua alisaidiwa, akifa alizikwa na wenziwe, na mgeni mjini alipata ndugu. Mtu aweza kusema bila kukosea kwamba vyama vya ustawi kama hiki chetu na vile vya beni ni watoto wa haja moja. Baadaye, baada ya uhuru, Polisi wa Tanzania walikuwa na bendi yao ya dansi, Polisi Jazz, iliyopendwa na raia wengi. Mtu aliyemwogopa polisi barabarani alimfuata kwa hiari yake ukumbini.

Sasa nafika nyumbani. Sisi Wakuria tuna iritungu. Ni chombo cha nyuzi nane, chenye tumbo kubwa la mti lililofunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake nzito huwezi kuichanganya na nyingine. Jirani zetu Waluo wana nyatiti, yenye nyuzi nane vile vile, ambayo mpigaji huipigia mdundo kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu, na njuga zikilia mguuni. Wakisii wana obokano. Hizi ni nyumba tatu za ukoo mmoja. Mpiga iritungu wa zamani hakuwa mtu wa kuburudisha tu. Alihifadhi majina, alisifu, alikemea, na sauti yake ilisikiwa na watu wa kila rika. Leo vijana wachache sana huketi chini ya mzee kujifunza. Mzee akifa, chombo hutundikwa ukutani, panya wakala ngozi.

Basi tuna hasara mbili zinazokwenda pamoja. Hatuna kikosi cha kuzima moto, na tunapoteza wapigaji. Shauri langu ni kwamba tuziponye zote mbili kwa dawa moja. Naomba Mkutano huu ufikiri mambo yafuatayo.

Kwanza, Chama kiandikishe vijana 24, wanaume kwa wanawake, wa kujitolea, ili wawe kikosi cha moto cha Ntimaru. Jumamosi moja ya kila mwezi wakutane. Asubuhi wafanye mazoezi ya moto, na alasiri wajifunze kupiga iritungu na ngoma kwa wazee wetu.

Pili, tuiombe serikali ya kaunti ituletee mwalimu wa kuzima moto, na tukiombe Chama cha Msalaba Mwekundu kitufundishe huduma ya kwanza. Yako mambo ambayo kila mtu mzima hana budi kuyajua. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na kuusambaza. Hufunikwa kwa mchanga au udongo. Moto wa umeme hauguswi kabla umeme haujakatwa. Katika nyumba iliyojaa moshi mtu hutambaa, kwa kuwa hewa ya chini ni nafuu. Aliyeungua hupozwa kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, wala hapakwi mafuta ya kupikia. Na bweni halifungwi kwa kufuli kutoka nje, wala madirisha yake yote hayawekwi nondo zisizofunguka.

Tatu, tununue vyombo vya bei ndogo: ndoo, majembe, ngazi mbili ndefu, mapipa ya maji na ya mchanga ya kuwekwa sokoni. Fedha zitokane na michezo ya kikosi chenyewe siku za soko na za sikukuu. Ndivyo ngoma itakavyonunua ndoo.

Nne, tuwe na mlio mmoja wa ngoma ambao ni wa moto tu, usiopigwa kamwe kwa furaha wala kwa mzaha. Leo mtu akipatwa na moto hupiga yowe, nasi wote twakimbia. Lakini twakimbia ovyo, kila mtu na amri yake, na mara nyingi mia wanatazama na kumi wanafanya kazi. Mlio uliokubaliwa utamwambia kila kijana wa kikosi mahali pa kusimama kabla hajafika.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, tuwaalike ndugu zetu wa Nyabasi waunde kikosi chao, na vikosi viwili vifanye mazoezi pamoja na kupiga pamoja. Vijana waliokwisha kupokezana ndoo mstari mmoja, na kushika mdundo mmoja, hawatakuwa wepesi wa kutiana moto. Sidai kwamba muziki waondoa wizi wa ng'ombe; hiyo ni kazi ya wazee, ya iritongo na ya sheria. Lakini nasema kwamba ni vigumu kumchomea nyumba mtu ambaye Jumamosi iliyopita mlikuwa mkisikilizana.

Najua liko shaka moja katika mioyo ya baadhi ya wazee, nalo ni la haki. Watauliza, "Vijana hawatashika ngoma na kuacha ndoo?" Yawezekana. Kwa hiyo kanuni iwe wazi: asiyehudhuria mazoezi ya asubuhi hapigi alasiri. Na liko shaka la mama zetu, kwamba mwana wao ataumia. Nao nawajibu kwa heshima. Wana wetu wataukimbilia moto hata tusipowafundisha, kwa maana ndivyo tulivyowalea. Tofauti ni kwamba leo wanaukimbilia bila kujua wafanyalo.

Bwana Mwenyekiti, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiangazi kijacho hakitatuuliza kama tumemaliza mashauriano. Naweka mambo haya matano mbele ya Mkutano, na naomba kabla hatujatawanyika Katibu afungue ukurasa mpya katika daftari lake, ili vijana walio tayari waandike majina yao leo hii. Na mzee yeyote mwenye iritungu nyumbani kwake, hata kama nyuzi zimekatika, naomba naye aandikwe katika ukurasa huo huo kuwa mwalimu.